Kusogeza forodha ya baharini hadi maili 24: maswali yanayoulizwa sana Dodoma na kanda ya kati

Haya ni maswali ambayo watu wa Dodoma, Singida, Manyoni na Kongwa wanayarudia kila mada ya magendo ya baharini ikiibuka, hasa kipindi cha Bunge la bajeti watu wanapoanza kubishana ushuru wa mafuta ya kula na sukari. Hoja yenyewe ni afisa wa forodha aweze kusimamisha vyombo mpaka maili 24 kutoka pwani badala ya kuishia 12. Nimeanza na ya msingi, magumu yako chini. Ukikuta nimetaja namba ya swali ndani ya jibu, ruka huko, sitarudia maelezo.

## Ya msingi

1. Forodha si iko bandarini? Baharini inafanya nini?

Bandarini ndo meli inafika na karatasi zake, wakala anawasilisha kadhia, yaani tamko la mzigo, mzigo unakaguliwa, ushuru unalipwa. Shida ni kwamba mtu wa magendo hana mpango wa kufika bandarini. Anakaa mbali na pwani anasubiri giza na maji yajae, afu anashusha mzigo kwa boti ndogo kwenye bandari bubu, watu wanaingia majini mpaka kiunoni wanapokea madumu na mifuko begani, mpaka kunakucha canter ishaondoka.

Kwaio toka zamani nchi zenye pwani zimetaka afisa wa forodha awe na nguvu ya kumfikia huyo mtu kabla hajakaribia nchi kavu. Uingereza walikuwa na sheria za meli zinazozurura karibu na pwani toka karne ya 18, Marekani waliweka ukaguzi wa forodha wa maili 12 toka miaka ya 1790. Siku hizi kinachotawala dunia nzima ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, na kifungu cha 33 ndo kinaongelea huu ukanda. Kinaruhusu nchi kwenda hadi maili 24 kutoka mstari wa pwani, kwa mambo manne tu: forodha, kodi, uhamiaji na afya.

2. Maili 12, maili 24, maili 200, mbona zinachanganya?

Maili ya baharini moja ni kilometa 1.852. Maili 12 ni kama kilometa 22, yaani ukitoka Dodoma mjini umeshaipita Ihumwa ila Chamwino bado. Maili 24 ni kilometa 44 na kidogo. Maili 200 ni kilometa 370.

Ndani ya maili 12 ni bahari ya kitaifa, pale nchi ina mamlaka karibu kama ya nchi kavu, isipokuwa meli za nje zina haki ya kupita kwa amani. Kutoka 12 hadi 24 ndo ukanda tunaouongelea hapa, nchi haimiliki, ina nguvu ya kudhibiti hayo mambo manne na basi. Kutoka 12 hadi 200 ni ukanda wa kiuchumi, ambao watu wa uvuvi wanauita bahari kuu, huko nchi ina haki ya samaki, gesi, mafuta na rasilimali nyingine. Ni kweli ukanda wa 24 unalaliana na ukanda wa kiuchumi, maji ni yaleyale ila nguvu ni tofauti, na watu wengi wanapotea hapo.

3. Tanzania tuna maili ngapi?

Tuliridhia mkataba wa bahari mwaka 1985, afu mwaka 1989 ikatungwa sheria ya bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi. Sheria hiyo iliweka maili 12 na maili 200. Ukanda wa maili 24 haikuuweka. Maana yake nafasi ya maili 12 za nyongeza kwa ajili ya forodha mkataba ulishatupa, sheria ya 1989 ndo haikuichukua. Afrika Kusini waliichukua kwenye sheria yao ya 1994, na jirani zetu Msumbiji nao wanayo.

4. Mbona wazee wanasema tuliwahi kuwa na maili 50?

Wako sahihi. Mwaka 1973 Tanzania ilitangaza bahari ya kitaifa ya maili 50. Kipindi kile mkataba wa sasa ulikuwa haujakamilika, nchi nyingi changa zilikuwa zinajitangazia umbali mkubwa kulinda samaki wao. Mkataba ulivyopatikana ukaweka 12 kwa bahari ya kitaifa na 200 kwa rasilimali, na sheria ya 1989 ikatupeleka huko. Kwaio anayesema tulinyang'anywa maili 38 anasahau kwamba upande wa samaki na gesi tulipata nyingi kuliko zile 50.

5. Bahari iko Dar, Tanga na Mtwara. Sisi wa Dodoma inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, na hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya.

Singida, Dodoma na Simiyu ndo mikoa ambayo serikali yenyewe iliitaja kuwa ya kimkakati kwa alizeti. Mkulima wa Mkalama au Kondoa anapopeleka magunia kwa mwenye kinu, mwenye kinu anapanga bei kwa kuangalia kitu kimoja, dumu la lita 20 la mafuta kutoka nje linauzwaje pale Majengo au soko la Ndugai. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia nchini inatoka nje, mengi ni mawese. Yakiingia na ushuru kamili, alizeti ina pa kusimama. Yakiingia usiku bila ushuru yanauzwa chini ya gharama ya kukamua alizeti, mwenye kinu anaacha kununua, gunia linarudi nyumbani. Huyo mkulima hajawahi kuiona bahari lakini bei yake imeamuliwa kwenye boti.

Sukari na mchele ni hivohivo. Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki sukari kutoka nje ya jumuiya inatozwa asilimia 100 na mchele asilimia 75, ukiacha misamaha inayotolewa mara kwa mara. Chukulia jahazi moja lenye mifuko 1,000 ya sukari ya kilo 50, hizo ni tani 50, na kwa asilimia 100 ushuru unaokwepwa ni sawa na thamani ya mzigo mzima. Ndo maana mtu yuko tayari kuhatarisha chombo.

## Nguvu zenyewe

6. Ndani ya maili 12 hadi 24 afisa anaruhusiwa kufanya nini?

Kifungu cha 33 kina maneno mawili ya kushika, kuzuia na kuadhibu. Hayafanyi kazi kwa namna moja, inategemea chombo kinaingia au kinatoka.

Chombo kinachotoka, yaani kimeshashusha magendo Kigombe au Mlingotini na sasa kinarudi zake nje, kosa limeshatendeka ndani ya nchi. Huyo unaweza kumsimamisha, kumkamata, kumrudisha bandarini na kumshtaki. Hapo hakuna ubishi.

Chombo kinachoingia hakijavunja sheria bado. Kiko maili 20, kina sukari, nahodha anasema naenda Comoro. Hapa kazi ni kuzuia: kumsimamisha, kupanda, kuangalia karatasi na mzigo, kumwonya, kumwamuru ageuze. Kumkamata na kumpeleka mahakamani kwa magendo ambayo hayajatokea, wanasheria wengi wanasema haiwezekani, nchi nyingine kwa vitendo zinafanya. Maoni yangu ni kwamba tukiandika sheria tuandike kwa uangalifu upande huu, kwa sababu kesi za kimataifa zinazalishwa hapa, angalia swali la 13.

Hata huko kuzuia peke yake kuna faida. Jahazi lenye mashine linatembea kama maili 8 kwa saa, kwaio maili 12 ni saa moja na nusu. Boti ya faiba yenye injini mbili ikienda maili 25 kwa saa inazimaliza ndani ya nusu saa. Doria inayosubiri mpaka chombo kifike kwenye 12 ina huo muda tu kabla mzigo haujagusa mchanga. Ukiongeza maili 12 nyingine muda unakuwa mara mbili, na usiku baharini nusu saa ni kitu kikubwa.

7. Ina maana meli ikipita maili 20 itatozwa ushuru?

Hapana. Ushuru unatozwa kwa mzigo unaoingia nchini. Meli inayotoka Durban kwenda Mombasa hata ikipita maili 15 kutoka Mafia haidaiwi hata senti, na haitakiwi kusumbuliwa bila sababu. Nje ya maili 12 meli zote zina uhuru wa kusafiri, ukanda wa forodha hauondoi hilo.

8. Nani atafanya kazi hiyo, TRA wana meli?

TRA ndo wenye forodha, ila baharini hawako peke yao. Kuna polisi wanamaji, kuna kamandi ya wanamaji ya JWTZ, na upande wa Zanzibar kuna KMKM, kikosi kilichoundwa mahususi kwa kuzuia magendo. Mkataba unataka chombo kinachofukuza kiwe cha kivita au cha serikali chenye alama zinazoonekana wazi na kilichopewa idhini ya kazi hiyo. Boti ya kukodi ya mtu binafsi na afisa mmoja juu yake haitoshi, kesi inaweza kuanguka hapohapo.

9. Chombo kikikimbia je?

Anafukuzwa. Ufukuzaji unaweza kuanzia ndani ya ukanda wa 24 kama kosa linahusu yale mambo manne, na ukishaanza unaweza kwenda mpaka bahari ya wote, yaani nje ya maili 200 za nchi yoyote. Ila kuna masharti. Lazima atolewe ishara ya kusimama, ya kuonekana au ya kusikika, kwa umbali anaoweza kuiona au kuisikia. Lazima kufukuza kusikatike, ukimpoteza ukarudi kula ukaanza kesho asubuhi hiyo siyo tena. Na akishaingia bahari ya kitaifa ya nchi nyingine, au ya kwao, unasimama.

10. Wanaruhusiwa kupiga risasi?

Nguvu inaepukwa kadiri inavyowezekana. Utaratibu unaokubalika ni ishara kwanza, afu risasi ya onyo mbele ya chombo, afu ikishindikana kabisa ndo nguvu, na hata hapo maisha ya watu yanalindwa.

Marekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1929, enzi zao za kupiga marufuku pombe, walinzi wa pwani waliifukuza meli ya Canada iitwayo I'm Alone wakaizamisha zaidi ya maili 200 kutoka pwani, mtu mmoja akafa. Mwaka 1935 tume ikasema kuizamisha vile hakukuwa halali, Marekani waombe radhi na walipe Canada dola 25,000, mbali na fidia ya mabaharia.

## Kusogeza kwenyewe

11. Inasogezwaje, Rais anatangaza tu au mpaka Bunge?

Inategemea katiba ya nchi. Marekani ilifanyika kwa tangazo la Rais, Clinton alisaini tarehe 2 Septemba 1999 wakatoka maili 12 kwenda 24. Kwetu mipaka ya bahari iko kwenye sheria ya 1989, kwaio njia iliyonyooka ni muswada wa marekebisho uje hapa Dodoma, usomwe mara ya kwanza, uende kamati, wadau waitwe watoe maoni, urudi kusomwa mara ya pili na ya tatu, Rais asaini. Wakulima wa alizeti na wenye vinu ni wadau kabisa, na ukumbi wa kamati uko hapahapa mjini kwao, siku tangazo la kuita maoni likitoka wasiwaachie wenye meli peke yao.

Kuna kitu kingine cha kuangalia. Utaratibu wa forodha wenyewe uko kwenye sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, iliyotungwa na bunge la jumuiya lenye makao Arusha. Bunge letu linaweza kuweka ukanda, lakini nguvu za afisa wa forodha kupanda na kupekua zinatoka kwenye ile sheria ya jumuiya. Zisiposomana mbili hizi, wakili wa mshtakiwa atapita katikati.

12. Zanzibar je, ni suala la Muungano?

Ushuru wa forodha uko kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na bandari pia. Ila KMKM ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwaio kwa vitendo hakuna doria ya maana upande wa mashariki wa Unguja na Pemba bila wao kushirikishwa toka mwanzo.

13. Kama tunataka kukomesha, kwa nini tusisogeze mpaka maili 200 kabisa?

Kwa sababu kuna nchi ilijaribu ikashindwa mahakamani, na hiyo hukumu kila anayeongelea hii mada inabidi aijue.

Oktoba 1997 Guinea waliikamata meli ya mafuta iitwayo Saiga, yenye bendera ya Saint Vincent and the Grenadines. Ilikuwa inauzia dizeli meli za uvuvi baharini. Guinea walikuwa wanatumia sheria yao ya forodha mpaka kilometa 250 kutoka pwani, wakasema huyu ameingiza mafuta bila ushuru. Walimfukuza na kumkamata nje kabisa ya ukanda wao wa kiuchumi, kusini yake, wakapiga risasi za moto, watu wawili wakaumia.

Kesi ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Tarehe 1 Julai 1999 ikasema ukanda wa kiuchumi siyo mahali pa kutumia sheria ya forodha, isipokuwa kwenye visiwa vya kujengwa na mitambo. Ikasema ufukuzaji ulikatika na haukuwa halali, nguvu ilizidi, na Guinea walipe fidia ya dola 2,123,357 pamoja na riba. Kura zilikuwa 18 kwa 2, na mmoja wa wale wawili waliopinga ni Jaji Joseph Warioba wa kwetu, alikuwa jaji pale toka 1996.

Aprili 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikagonga msumari kwenye kesi ya Nicaragua na Colombia, kwamba kikomo cha maili 24 na yale mambo manne vinaifunga hata nchi ambayo haijasaini mkataba. Colombia walikuwa wamejiongezea umbali na mamlaka, wakaambiwa waoanishe sheria yao na kikomo hicho.

Kwaio 24 ndo mwisho. Mbunge akisimama kusema tuweke 50 kwa ajili ya forodha, anatuandalia deni.

14. Ukanda wetu ukigongana na wa Kenya au Msumbiji?

Na Kenya tuna makubaliano ya mpaka wa bahari toka 1976, na Msumbiji toka 1988. Ukanda utafuata hiyo mistari. Mkataba wa Geneva wa 1958 ulikuwa na kanuni ya mstari wa katikati kwa ukanda huu, wa 1982 umekaa kimya, ndo maana mistari ya makubaliano inasaidia.

15. Ukisogezwa, magendo yataisha?

Hayataisha, na nisingependa mtu auziwe muswada kwa ahadi hiyo.

Chukua ramani uangalie mkondo wa Zanzibar. Kutoka Unguja hadi bara sehemu nyembamba ni kama kilometa 36, yaani chini ya maili 20. Ukipima maili 12 kutoka bara na maili 12 kutoka Unguja yote inafunikwa, pale ni bahari ya kitaifa tayari. Mafuta na sukari vinavyovuka kutoka visiwani kwenda bandari bubu za Bagamoyo na Pangani vinapita kwenye maji ambayo nguvu zote tunazo leo. Ukanda wa 24 unaongeza kitu upande wa nje, mashariki ya Unguja, Pemba na Mafia na kusini kuelekea Mtwara, ambako meli kubwa zinaweza kusimama na kugawa mzigo.

Mimi naunga mkono kusogeza. Ila mkulima wa alizeti akiniuliza kipi kingemsaidia mwaka huu ningemwambia boti za doria zenye mafuta ndani ya maili 12, bandari bubu zirasimishwe ziwe na afisa wa kudumu, na ukaguzi wa risiti za EFD sokoni. Ukanda ni wa kuongezea juu ya hivo, peke yake hauzibi.

## Kesi za pembeni

16. Meli mama imekaa maili 30, boti ndogo ndo zinaleta mzigo. Anaguswa?

Anaweza kuguswa. Mkataba unahesabu meli mama na boti zake kama kitu kimoja kwenye sheria za ufukuzaji, boti zake zikikutwa ndani ya eneo lako zinavunja sheria, meli mama inaweza kufukuzwa hata kama yenyewe haijavuka mstari. Masharti ya swali la 9 yanabaki palepale, na ushahidi kwamba wanafanya kazi pamoja lazima uwepo.

17. Meli inayouza dizeli kwa meli za uvuvi bahari kuu?

Kwa forodha hapana, ndo kesi ya Saiga hiyo. Kwa sheria za uvuvi ndiyo. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, kwenye kesi ya meli Virginia G dhidi ya Guinea-Bissau, ilisema nchi ya pwani inaweza kusimamia ujazaji mafuta wa meli za kigeni zinazovua kwenye ukanda wake wa kiuchumi. Ila kutaifisha meli na mafuta yake pale kulionekana kumezidi, kwaio adhabu iendane na kosa.

18. Jahazi la dawa za kulevya lisilo na bendera?

Hilo linakamatika kwa njia nyingine. Chombo kisicho na utaifa kinaweza kupandwa na meli ya kivita hata bahari ya wote, na mkataba wa Vienna wa 1988 unaweka utaratibu wa kuomba ruhusa ya nchi yenye bendera. Huna haja ya kusubiri ukanda wa 24.

19. Mali za kale kwenye meli zilizozama?

Kuna kifungu cha 303 cha mkataba wa bahari wa 1982. Mtu akitoa vitu vya kale kwenye sakafu ya bahari ndani ya ukanda wa 24 bila ruhusa, nchi inaweza kuhesabu kama kavunja sheria zake ndani ya nchi. Kwa pwani yenye historia kama ya Kilwa hii siyo faida ndogo, na sioni ikitajwa.

20. Ugaidi na usalama zimo?

Hazimo kwenye yale manne. India kwenye sheria yao ya 1976 waliongeza usalama na nchi nyingine zinawapinga. Colombia nao lilikuwa moja ya makosa yao, angalia swali la 13. Bora tusiliweke.

21. Ziwa Victoria na Tanganyika nako tutasogeza?

Hapana. Ziwani mpaka ni wa nchi na nchi, mamlaka ya forodha yanaishia kwenye mstari wa mpaka.

22. Mvuvi mdogo wa Kilwa au Mafia atasumbuliwa?

Kisheria hakuna kinachobadilika kwake, kibali chake cha uvuvi na leseni ya chombo ni vilevile. Anachoweza kukutana nacho ni kusimamishwa na kukaguliwa mara nyingi zaidi akiwa nje. Awe na karatasi za chombo. Asikubali kupokea mzigo wa mtu baharini hata akiambiwa ni dumu mbili tu za kusaidia kufikisha, kwa sababu sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu chombo cha chini ya tani 250 kilichotumika kubeba magendo kutaifishwa, na boti ya mvuvi iko mbali sana chini ya hapo.